MANJANO HUFICHUA DAWA ILIYO NDANI YA MWANZI

Umepaua nyumba yako kwa mianzi mizuri. Hata mwaka haujaisha, unaona unga laini unaanguka kitandani. Huo ni unga wa bungua. Mdudu huyu hutafuta wanga ulio ndani ya mwanzi, kama fukusi anavyotafuta mahindi yako. Akishautoboa, paa hulegea na fedha zako zimepotea.

Dawa ipo. Ni vitu viwili, boraksi na asidi ya boriki. Zote zina kitu kiitwacho boroni. Huchimbwa ardhini, hasa katika nchi za Uturuki na Marekani. Mafundi huchanganya kilo 6 za boraksi na kilo 4 za asidi ya boriki katika lita 90 za maji. Mianzi iliyokomaa, ya miaka 3 au zaidi, hutobolewa vifundo kwa ndani. Kisha hulowekwa wiki 1 hadi 2, ingali mibichi. Bungua akila mwanzi huo, tumbo lake hushindwa kazi, naye hufa.

Lakini shida iko hapa. Dawa hii haina rangi wala harufu. Mwanzi uliotiwa dawa na usiotiwa hufanana kama mapacha. Muuzaji akikuambia, "Huu nimeutia dawa," utajuaje?

Manjano ya jikoni husema kweli. Mtaalamu wa mbao hukata kipande cha mwanzi na kukikausha. Hukipaka manjano yaliyolowekwa katika spiriti, kisha hukipaka asidi kali. Husubiri kidogo. Mahali penye boroni ya kutosha hugeuka pekundu. Mahali pasipo na boroni hubaki njano. Wekundu ukiwa pembeni tu, basi dawa haikufika ndani. Rangi ya mmea imeshikana na boroni, na vyote viwili vimekuwa kitu kipya.

Labda mama mmoja atasema, "Mbona hata sabuni huligeuza doa la manjano kuwa jekundu?" Mama huyo amesema kweli. Sabuni na maji ya majivu hufanya hivyo. Lakini wekundu huo, ukiudondoshea maji ya ndimu, hurudi kuwa njano. Wekundu wa boroni haurudi kwa ndimu.

Asidi ile huunguza ngozi. Kwa hiyo usijaribu kazi hii nyumbani. Mwombe muuzaji akate kipande mbele yako, nawe ukipeleke kwa mtaalamu.

Usinunue mianzi ya dawa hii kwa kujengea ua au kuchimbia ardhini. Maji ya mvua huiosha dawa. Inafaa chini ya paa tu. Na ikiwa mnatia dawa wenyewe kijijini, funikeni pipa, watoto wasichezee. Msimwage maji yake karibu na kisima wala shambani, kwa maana boroni ikizidi huua mimea. Pipa hilo lisitumiwe tena kwa maji ya kunywa.