Kioo cha Nyuma cha Gari la Marehemu

Mama mmoja mjane alinijia baada ya swala ya alasiri kwa jambo la mirathi. Mumewe aliacha Volkswagen kuukuu, lile gari la mgongo wa kobe, lililokaa bandani miaka mingi. Dalali alikwisha kumwambia kuwa ni chuma chakavu. "Sheikh," akauliza, "niliuze tu? Watoto wangali wadogo, na karo inadaiwa." Nikamwomba tulitazame kwanza.

Watu huyaona magari hayo yote kuwa mamoja, kwani umbo lake halikugeuka sana tangu lilipoanzia Ujerumani hadi la mwisho lilipoundwa Puebla, Meksiko, Julai 2003, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21. Tofauti zimo katika mambo madogo, na la kwanza ni kioo cha nyuma. Yaliyoundwa kabla ya Machi 1953 yana vioo viwili vidogo vilivyotengwa na mwamba mwembamba wa bati. Kisha mwamba ukaondolewa, kikawa kioo kimoja cha umbo la yai, hadi 1957. Baada ya hapo kikapanuliwa na kuwa cha pembe nne, na mwaka 1964 vioo vyote vikaongezwa tena. Ukiona kioo cha mbele kimebetuka, hilo ni aina ya 1303, la kuanzia 1972. Wapenzi wa vya kale hulidharau, ingawa mimi naliona lina nafasi nzuri zaidi.

La marehemu lilikuwa na kioo cha yai. Kwenye nguzo ya mlango ulikuwamo bado ule mkono mdogo unaochomoza dereva anapotaka kukata kona. Magari hayo hutafutwa, na bei yake si ya chuma chakavu.

Hata hivyo, bodi ya gari hili hufungwa kwa boliti juu ya sakafu yake, hivyo bodi ya mwaka mmoja yaweza kukalia sakafu ya mwaka mwingine. Nambari ya chesisi imegongwa chini ya kiti cha nyuma. Tulikiinua kiti, tukailinganisha na logibuku, zikaafikiana. Lakini sakafu upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu, na hilo nikamwambia lazima mnunuzi alijue, kwani kuficha aibu ya bidhaa hakujuzu, hata kama mali ni ya mayatima.

Dalali alirudi Jumamosi na bei mara mbili ya ile ya kwanza. Mama akamjibu asubiri, shemeji zake walione.