Springi za Shokapu za Mbele: Kukaza Si Kuongeza Ugumu
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia tairi na upepo wake. Leo tunapanda juu kidogo, hadi kwenye shokapu za mbele za pikipiki ya safari ndefu, ile yenye injini kubwa, masanduku ubavuni na kiti cha watu wawili.

Aliyewahi kuteremka mlima Kitonga akitokea Iringa, mzigo ukiwa umejaa, atanielewa upesi. Ukishika breki kabla ya kona, pua ya pikipiki inazama kama ngamia anayepiga magoti. Ukikutana na shimo palepale, mikono inasikia kishindo cha chuma kwa chuma: shokapu zimefika mwisho. Ukiachia breki, pua inaibuka ghafla na pikipiki inataka kutoka nje ya njia uliyokusudia. Hapo wengi humwendea fundi, naye huongeza washa juu ya springi "zikaze". Nia yangu leo ni kueleza kwa nini dawa hiyo mara nyingi hutuliza maumivu bila kuponya ugonjwa.

Tuanze na umbo lake. Shokapu ya mbele ni bomba linaloteleza ndani ya bomba. Pikipiki ya kwanza ya kiwandani kutumia muundo huo pamoja na mafuta ya kutuliza mtikisiko ilikuwa BMW R12 ya Ujerumani, mwaka 1935. Ndani ya kila mguu mna vitu vitatu. Springi hubeba uzito. Mafuta, yanapolazimishwa kupita kwenye matundu membamba, huizuia springi isiendelee kurukaruka. Hewa iliyobaki juu ya mafuta hubanwa kila shokapu inapobonyea, na kwa hiyo nayo hufanya kazi ya springi ya pili.

Sasa fikiria mizani ya springi ya muuza samaki. Ukitundika kilo moja, mshale unashuka hatua moja. Ukitundika mbili, unashuka hatua mbili. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Mwingereza Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678. Umbali wa hatua moja ndio unaotuambia ugumu wa springi. Muuzaji mjanja anaweza kuusogeza mshale uanzie mahali pengine, lakini umbali kati ya kilo ya kwanza na ya pili haubadiliki. Springi ni ileile.

Washa za fundi ndizo huo mshale uliosogezwa. Zinaibana springi kabla haijabeba kitu, na pua ya pikipiki inakaa juu zaidi. Mteja anafurahi, maana anaona tofauti kwa macho. Lakini kila kilo inayoongezeka wakati wa breki itaibonyeza springi kwa milimita zilezile kama jana. Ameongezewa kimo, hakuongezewa ugumu.

Hesabu ndogo itafafanua. Tuseme pikipiki ina kilo 290, dereva 80, mizigo 30, jumla 400. Tuseme pia sehemu ya mbele inayobebwa na springi ni kilo 150, na shokapu zina nafasi ya kubonyea milimita 130. Springi laini ina ugumu wa kilo 0.7 kwa milimita. Mbili zikishirikiana ni 1.4. Kilo 150 zinahitaji mbonyeo wa milimita 107. Kama springi zilishabanwa milimita 40 wakati wa kufungwa, pua itazama milimita 67 hata kabla ya safari kuanza. Nusu ya nafasi imeshaliwa.

Kisha njoo kwenye breki. Mizigo na abiria hukaa nyuma, ndiyo maana ukiibonyeza pikipiki ikiwa imesimama gereji, shokapu za mbele zinaonekana hazina neno. Breki ndiyo inayoupeleka uzito mbele. Kwa pikipiki hiyo, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 65 kutoka ardhini, na magurudumu yakiwa yameachana sentimita 150, breki kali huhamishia mbele kilo 120 hivi. Gawanya kwa 1.4, utapata milimita 86 nyingine. Ukijumlisha na zile 67 unapata 153, nasi tuna 130 tu. Kile kishindo cha Kitonga kimepata maelezo yake.

Weka springi za kilo 1.0 kwa milimita, zilizobanwa milimita 40 vilevile. Pua itazama milimita 35, na breki itaongeza 60. Jumla 95; zimebaki milimita 35 za kupokea shimo. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana nimeiacha kando hewa iliyomo ndani na mlalo wa shokapu, lakini picha yake ni ya kweli.

Kwa nini basi kiwanda kiweke springi laini? Kwa sababu kinamuuzia kila mtu: mwembamba anayetembea peke yake mjini, na mnene anayesafiri na mkewe na masanduku matatu. Springi laini humpendeza mnunuzi anapojaribu pikipiki kwa dakika kumi.

Kabla ya kununua chochote, pima. Funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye bomba linaloteleza. Inua gurudumu la mbele hewani, pima urefu wa bomba lililo wazi. Kisha shusha pikipiki, ikalie ukiwa na mavazi na mizigo ya safari, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo ndiyo kuzama kwa pua. Kwa pikipiki za safari, robo hadi theluthi ya nafasi yote ni kiasi kizuri. Subira hii ya kupima kwanza inaokoa pesa. Na ukishakwenda safari, ile kamba itakuonyesha shokapu zilibonyea hadi wapi.

Ukichagua springi, jua kwamba unene wa waya una nguvu kubwa kuliko macho yanavyodhani. Ugumu hufuata unene kwa kipeo cha nne: kutoka waya wa milimita 4.5 hadi 5, mizunguko na upana vikibaki vilevile, ugumu huongezeka kwa takribani nusu. Kukata springi nako huongeza ugumu, kwa kuwa mizunguko imepungua. Kumi ikibaki tisa, unapata ongezeko la asilimia 11. Lakini unapunguza pia umbali ambao springi inaweza kubonyea kabla mizunguko haijagusana.

Kazi yenyewe inataka uangalifu. Gurudumu liwe limeinuliwa na pikipiki imeshikiliwa imara. Kama shokapu zina vali za hewa, toa upepo kwanza. Kifuniko cha juu kinasukumwa na springi, kwa hiyo kikandamize unapofungua nyuzi za mwisho, na uso wako uwe pembeni. Kimewahi kuwarukia wengi. Fanya mguu mmoja mmoja. Mafuta mapya hupimwa springi ikiwa nje na bomba limesukumwa hadi chini, kwa kina kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na miguu yote miwili ilingane. Ukizidisha mafuta, nafasi ya hewa inakuwa finyu, shokapu inakakamaa mwishoni na sili zinaanza kuvuja.

Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, hivyo huenda ukahitaji mafuta mazito kidogo ya kuituliza. Usiamini namba ya kopo peke yake, kwa kuwa mafuta ya kampuni mbili yenye namba moja huweza kutofautiana uzito. Mwisho, rekebisha taa ya mbele: pua imepanda, na mwanga unawachoma macho wanaokuja.

Viwanda navyo vimehangaika na ugonjwa huu. Honda iliweka msaada wa hewa kwenye Gold Wing GL1100 ya mwaka 1980. BMW ilitoka na R1100RS ya mwaka 1993, ambayo springi yake ya mbele iko nje ya mabomba na pua haizami sana. Mwaka 2018 Gold Wing ikaachana kabisa na mabomba, ikachukua mikono miwili inayofanana na ya gari.

Wewe huna haja ya kununua pikipiki nyingine. Fundi akikuambia atazikaza, muulize swali moja: springi hizi ni kilo ngapi kwa milimita? Akikosa jibu, mwambie asubiri kwanza mpime.

Juma lijalo: shokapu ya nyuma.