Lenzi Iliyo Tayari Katika Bomba Lake
Maendeleo katika kutibu mtoto wa jicho

Mkulima mzee akianza kumimina maziwa nje ya debe, au akishindwa kutambua hindi lililoliwa na dumuzi, watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu." Aliyekuwa akihesabu magunia yake mwenyewe sasa hutegemea macho ya mjukuu. Mara nyingi huo si uzee tu. Ni ugonjwa uitwao mtoto wa jicho, nao watibika.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi ndogo. Kazi yake ni kukusanya nuru ili tuone sawasawa. Katika ujana lenzi hiyo ni safi kama maji ya chemchemi. Umri ukiendelea huingia ukungu, na mwishowe mboni huonekana nyeupe. Ugonjwa wa kisukari, tumbaku na kuumia jicho huweza kuharakisha jambo hili. Jueni ya kuwa hakuna dawa ya matone wala ya majani iwezayo kuondoa ukungu huo. Dawa yake ni kupasuliwa.

MWANZO WA LENZI ZA PLASTIKI

Zamani daktari alitoa lenzi mbovu bila kutia nyingine, na mgonjwa alivaa miwani minene sana maisha yake yote. Kisha tarehe 29 Novemba 1949, Bwana Harold Ridley, daktari wa macho wa London, alitia lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuleta uvimbe mkubwa.

Plastiki hiyo ilikuwa ngumu, haikunjiki. Upana wa lenzi ni kama milimita 6, basi jicho lilihitaji mlango wa kutosha kuipitisha. Baadaye zikapatikana lenzi laini zinazokunjwa. Hizo hupita katika tundu la milimita 2 hadi 3 tu, na tundu hilo kwa kawaida hujifunga lenyewe bila kushonwa.

KAZI YA BOMBA

Lenzi laini nayo ilileta shida yake. Mtu alipaswa kuishika kwa koleo ndogo, kuikunja na kuitia katika mrija. Hapo iliweza kukwaruzwa, kuwekwa kinyume, au kuguswa na vijidudu. Ndipo viwanda vikatengeneza lenzi ambayo imekwisha kuwekwa katika bomba lake, ikafungwa safi bila vijidudu. Ni kama mbegu ya mahindi iliyokwisha kutiwa dawa kabla ya kufungwa katika mfuko: mkulima hana haja ya kuchanganya mwenyewe, wala kukosea kipimo.

Kabla ya siku ya kupasuliwa, jicho hupimwa ili ijulikane nguvu ya lenzi inayofaa. Siku yenyewe, jicho hutiwa dawa ya ganzi. Daktari hutoboa tundu dogo, huvunja na kunyonya lenzi yenye ukungu, lakini huuacha mfuko mwembamba uliokuwa umeishika. Nesi husoma nguvu ya lenzi iliyoandikwa juu ya kisanduku, kisha bomba hutiwa dawa laini ya kuteleza. Daktari hulisukuma polepole; lenzi hujikunja, hupita katika ncha, na kufunguka ndani ya mfuko ule. Bomba hutupwa, halitumiwi kwa mtu wa pili. Msiogope: ncha yake si kali kama sindano ya kuchoma.

USINGOJE

Bomba hili hupunguza kazi na hatari, lakini haliziondoi zote. Lenzi huweza kukwama, na kifaa kizuri hakichukui mahali pa daktari mwenye mazoezi. Tena bei yake ni kubwa zaidi, na si kila hospitali inalo. Basi mkulima asikae gizani akingoja bomba. Lenzi ngumu, ikitiwa kwa mkono na daktari hodari katika mlango mpana kidogo, nayo hurudisha macho vizuri, na wengi katika nchi yetu wameona tena kwa njia hiyo. Hospitali ya Kikuyu katika Kiambu na ile ya macho ya Sabatia katika Vihiga hufanya kazi hii. Ulizeni kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu, na ulizeni gharama kabla ya safari.

BAADA YA KUPASULIWA

Tia matone kama ulivyoagizwa, na nawa mikono kwanza. Usisugue jicho. Usishike jembe, usibebe gunia, wala usikae katika moshi na vumbi mpaka daktari akupe ruhusa. Jicho likiuma zaidi, likiwa jekundu sana, likitoa usaha, au likipoteza nuru, rudi hospitali siku ile ile, usingoje kesho. Ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, mara nyingi ni ule mfuko uliofifia, nao husafishwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache.

Mficha maradhi kilio kitamfichua. Kama yupo mzee nyumbani kwako anayepapasa ukuta akitafuta mlango, mpeleke akapimwe mwezi huu.