Dhahabu ya Bizanti: Bingwa ni Ipi?

Wafalme wa Konstantinopoli walipiga sarafu za dhahabu kwa karne kumi. Wakusanyaji wa leo wanazigombania. Tuzipange kwa rekodi.

1. Iliyodumu bila kuchakachuliwa
Solidusi ya Konstantino Mkuu ilianza mwanzoni mwa karne ya 4. Ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 72, kila moja gramu 4.5 hivi. Kipimo hicho na usafi wake vilishikiliwa hadi enzi ya Mikaeli IV (1034–1041). Miaka 700! Shilingi za Tanzania, Kenya na Uganda zote zilizaliwa 1966. Zisubiri karne nyingine sita na ushei ndipo zije kutamba.

2. Nzito ajabu, na adimu kuliko zote
Nishani ya Justiniani I ilikuwa na thamani ya solidusi 36: nusu ratili, zaidi ya gramu 160, upana zaidi ya sentimita 8. Ilipatikana Uturuki mwaka 1751, ikaishia Paris. Mwaka 1831 wezi wakaiiba, wakaiyeyusha. Nakala yake iko London, lakini zile halisi zilizobaki duniani ni sifuri. Rekodi hiyo haivunjwi.

3. Rundo kubwa kuliko yote
Mwandishi Prokopio anasema Anastasio I, aliyefariki 518, aliacha ratili 320,000 za dhahabu. Hizo ni zaidi ya tani 100. Zipige zote sarafu, upate 23,040,000. Sasa ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu 60,000: kila mmoja anatoka na solidusi 384, hata yule aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

4. Nene kuliko zote
Ushindi unabaki Afrika. Karthago, Tunisia ya leo, ilikuwa ikiifupisha sarafu na kuinenepesha kila utawala, hadi katika karne ya 7 ikawa na upana wa milimita 11 hivi, sawa na kifungo cha shati, ilhali uzito ni uleule wa sarafu ya Konstantinopoli yenye milimita 20. Chini imeandikwa CONOB, yaani inajidai ya mji mkuu. Mkusanyaji hadanganyiki: akiishika tu anajua imetoka wapi.

5. Ndevu ndefu kuliko zote
Konstansi II (641–668), bila kupiga kura. Maandishi hayasaidii sana kumtambua, maana sarafu zake zinamwita Konstantino, jina lililojaa katika ukoo huo. Ndevu ndizo kalenda. Kidevu kitupu ni miaka ya mwanzo, kwani alitawazwa akiwa mtoto. Kisha ndevu fupi. Kisha msitu unaofunika kifua. Kuanzia 654 mwanawe anasimama kando yake.

Halafu geuza upande wa pili. Mwisho wa maneno VICTORIA AVGU pana herufi moja ya Kigiriki, alama ya karakana iliyopiga sarafu, na karakana zilikuwa kumi. Ukiwa na tisa zinazofanana kama mapacha, unaweza kuuza shamba kwa ajili ya ile ya kumi. Wapo wa namna hiyo.

6. Yenye kiburi kuliko zote
Isaka I Komneno (1057–1059) alijichora ameshika upanga uchi, watu wakanung'unika kwamba anaushukuru upanga badala ya Mungu. Lakini Irene (797–802) anamshinda: aliweka sura yake mbele, na nyuma akaiweka tena!

7. Iliyoanguka vibaya kuliko zote
Hiperpironi, sarafu ya dhahabu ya Aleksio I, ilianza 1092 ikiwa na usafi wa karati 20 na nusu. Msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa 1331, alifika Konstantinopoli miaka michache baadaye. Wakati wa kuondoka alipewa sarafu 300 za dhahabu, na akaandika bila haya kwamba si dhahabu nzuri. Alikuwa na haki: wakati huo karibu nusu ya sarafu haikuwa dhahabu. Katika miaka ya 1350 zikakoma kabisa. Konstantino XI, aliyepoteza jiji na maisha yake mwaka 1453, alipiga sarafu za fedha tu. Mtu akikuletea ya dhahabu yenye jina lake, funga pochi na uite polisi.