Nchi Kavu, Ziwa na Anga: Vikosi Mseto Katika Vita vya Kaskazini mwa Tanganyika

Luvungi ni mji mdogo wa uwanda wa Ruzizi, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Bukavu, na umbo la nchi inayouzunguka latosha kueleza kwa nini majeshi yaliyopita hapo hayakuweza kutegemea aina moja tu ya askari. Magharibi umesimama ukuta wa milima ya Mitumba, mashariki unapita mto Ruzizi ambao ng'ambo yake ni Burundi, na kusini uwanda wote unaishia kwenye maji ya ziwa Tanganyika. Aliyeshika milima humwona kila apitaye barabarani, na aliyeshika ziwa huweza kumzunguka adui na kumtokea nyuma, ilhali aliyebaki uwandani peke yake hana pa kujificha.

Vikosi mseto ni majeshi yanayounganisha askari wa miguu, mizinga, wahandisi, magari ya chuma, vyombo vya maji na ndege chini ya amri moja, kila aina ikifunika udhaifu wa mwenzake. Mizinga humlazimisha adui kubaki handakini wakati askari wa miguu wanavuka mahali pa wazi. Askari hao, nao, huilinda mizinga isivamiwe. Wahandisi hujenga daraja ambalo bila hilo wote wangekwama. Na ndege hutazama nyuma ya kilima ambako mpiga mzinga haoni. Kuwa na vitu hivyo vyote ni jambo moja, na kuvitumia kwa wakati mmoja ni jambo jingine, tena lililo gumu zaidi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, jeshi la Kongo ya Kibelgiji lililoitwa Force Publique halikuwa na sifa hiyo. Lilikuwa mkusanyiko wa kompania zilizotawanywa wilayani, ambazo kazi yake ilikuwa zaidi kulazimisha raia kutii utawala kuliko kupigana na jeshi jingine, na mizinga yake mikubwa ilikuwa katika ngome ya Shinkakasa karibu na Boma, upande wa pili kabisa wa nchi. Wajerumani wa Afrika Mashariki nao walikuwa na meli ziwani, na tarehe 22 Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune na kuilemaza, hata ziwa lote likawa mikononi mwao. Kwa zaidi ya mwaka mmoja pande mbili zilitazamana kuvuka Ruzizi, zikivamiana bila kusogea. Mwezi Septemba 1915 Wajerumani walikishambulia kituo cha Wabelgiji hapo Luvungi, wakarudishwa nyuma, na hali ikabaki ilivyokuwa. Askari wa miguu dhidi ya askari wa miguu waliojichimbia, pasipo mizinga ya kutosha, mara nyingi huishia hivyo.

Mabadiliko yalianza majini. Waingereza walisafirisha mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kisha kwa kukokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima, hadi Lukuga, mji unaoitwa sasa Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Ilibaki Graf von Götzen, meli kubwa iliyotengenezwa Papenburg nchini Ujerumani, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa upya Kigoma, ikiwa na mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg baada ya manowari hiyo kuangamia kwenye delta ya Rufiji.

Wakati huohuo jenerali Charles Tombeur alikuwa akiiunda upya Force Publique katika brigedi mbili, ya Kaskazini chini ya kanali Molitor na ya Kusini chini ya Mdenmaki Frederik Olsen. Kila brigedi ilikuwa na vikosi vya askari wa miguu, bombomu, yaani bunduki za rashasha, mizinga ya milimani inayofunguliwa vipande ili ibebwe, wahandisi, watu wa simu na waganga. Mwezi Aprili 1916 zilianza kusonga mbele. Kigali ilichukuliwa mwezi Mei, Usumbura, ambayo ni Bujumbura ya leo, mwanzoni mwa Juni, na Juni hiyohiyo ndege za majini aina ya Short, zilizoletwa kwa vipande na kuunganishwa karibu na Lukuga, zikaidondoshea Kigoma mabomu. Wajerumani, wakiwa wamebanwa kutoka kaskazini, ziwani na angani, waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe mwishoni mwa Julai, na Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba. Meli hiyo baadaye iliopolewa na kupewa jina la Liemba, ikawabeba abiria wa ziwa hilo kwa miongo mingi.

Simulizi hii nzuri ina dosari mbili ambazo vitabu vingi vya vita huzipita haraka. Ya kwanza ni kwamba Götzen iliyoogopwa sana ilikuwa imekwisha kunyang'anywa mzinga wake mkubwa, kwa kuwa uongozi wa Kijerumani uliuhitaji nchi kavu, na mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Mambo kama hayo yalitokea Bismarckburg, ambayo ni Kasanga ya leo, ambako mwezi Juni 1916 kamanda wa mashua za Kiingereza, Geoffrey Spicer-Simson, aliiona mizinga ya ngome akakataa kusogea, na Wajerumani wakatoroka kwa majahazi kabla ya askari wa Kiingereza waliotoka kusini kwa miguu kuwafunga. Mizinga ile nayo ilikuwa ya mbao. Vikosi vya ziwani na vya nchi kavu vilikuwepo vyote viwili, lakini hapakuwa na amri moja ya kuvifunga pamoja, na nafasi ikapotea.

Dosari ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba aina ya watu iliyounganisha nyingine zote haikuhesabiwa kuwa jeshi. Mzinga wa milimani haukuwa na magurudumu ya kuupandisha Mitumba, wala risasi hazikufika zenyewe ukingoni mwa Ruzizi. Vilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, ambao katika vita vyote walifikia zaidi ya 200,000 upande wa Kongo pekee, wengi wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu vijijini mwao. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi, na mwendo wa brigedi zote mbili ulipimwa kwa miguu yao.

Nusu karne baadaye, uwanda huohuo ulitoa mfano wa kinyume. Mwezi Mei 1964 waasi, wengi wao wa kabila la Bafuliiru waliomfuata kiongozi wao Musa Marandura, waliichukua Uvira na kulitimua jeshi la serikali lililokuwa na malori na rashasha, kwa sababu jeshi hilo liling'ang'ania barabara huku wapiganaji wakishuka milimani wakiwa na mikuki na imani katika dawa ya maji waliyoamini ingewakinga na risasi. Hata hivyo Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, alijivunia sana pigano la darajani Kamanyola la mwaka huo, hata akaipa divisheni nzima jina hilo.

Serikali ilijibu mwaka 1965 kwa kuunganisha tena nchi kavu, ziwa na anga: mamluki wa Mike Hoare pamoja na askari wa Kongo walishushwa kwa vyombo vya majini karibu na Baraka mwishoni mwa Septemba, wakisaidiwa na ndege za T-28 na B-26 zilizorushwa na Wakuba wahamishwa waliolipwa na shirika la ujasusi la Marekani. Wapiganaji wa upande wa pili walikuwa na washauri wa Kikuba chini ya Che Guevara, bombomu na hata mizinga midogo, lakini shambulio lao la huko Bendera mwezi Juni lilikuwa limevunjika kwa kuwa vikundi havikushirikiana ipasavyo. Baraka ilipiganiwa siku kadhaa kabla ya kuanguka, na tarehe 21 Novemba Guevara alivuka ziwa kurudi Kigoma.

Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulitumia kanuni hiyohiyo kaskazini zaidi, karibu na Goma, kwa Brigedi ya Uingiliaji iliyoongozwa kwanza na Mtanzania James Mwakibolwa: batalioni tatu za askari wa miguu kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kikosi cha mizinga, na kompania ya makomando na upelelezi, pamoja na helikopta za Rooivalk. Jeshi la serikali lilitangulia na vifaru vyake, mizinga ya brigedi ikalifungulia njia, na tarehe 5 Novemba waasi wa M23 waliokuwa wakipigwa wakatangaza kuacha vita. Kilichowezekana katika mapigano hayo, huko Kibati na Chanzu, hakikuhamishwa kusini hadi uwanda wa Ruzizi, ambako makundi yenye silaha yalikuwa madogo, mengi, na yamekaa milimani katikati ya vijiji, mahali ambapo mzinga hauna shabaha.