Kuficha, Kubatilisha na Kusanidua: Tatizo la Kiistilahi katika Menyu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mtumiaji wa kompyuta anapotaka kuondoa kwenye menyu programu asiyoihitaji, kitenzi "kuondoa" humtosha katika mazungumzo. Kwa mfasiri wa programu kitenzi hicho hakitoshi, kwani hubeba vitendo vitatu vyenye matokeo tofauti. Makala haya yanabainisha vitendo hivyo katika mfumo wa Linux na kupendekeza istilahi ya kila kimoja.

2.0 Muundo wa Menyu

Katika mazingira ya GNOME na KDE, kila kipengee cha menyu ya programu hutokana na faili dogo la matini ambalo jina lake huishia na .desktop. Kanuni zake hutolewa na freedesktop.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2000. Kwa kawaida, mafaili ya watumiaji wote huwekwa katika saraka ya /usr/share/applications, na ya mtumiaji mmoja katika ~/.local/share/applications. Majina ya mafaili yakilingana, la mtumiaji ndilo hufuatwa. Hivyo basi, anayetaka kupunguza menyu yake hunakili faili la mfumo na kuihariri nakala, bila kuathiri menyu za wenzake.

3.0 Vitendo Vitatu

3.1 Kuficha

Mstari NoDisplay=true huzuia kipengee kisionekane kwenye menyu. Programu ingalipo, na huweza kuendelea kufungua mafaili ya aina inayoyamudu. Hapa "kuficha" ni istilahi mwafaka.

3.2 Kubatilisha

Mstari Hidden=true, licha ya jina lake, haufichi. Kanuni zenyewe zinakiri kwamba jina hilo lilipaswa kuwa na maana ya kufutwa: kwa mtumiaji husika, ni sawa na faili kutokuwapo kabisa. Tafsiri sisisi "iliyofichwa" kwa hiyo inapotosha. Aliyekusudia kupunguza menyu tu huenda akakuta programu haipendekezwi tena anapotaka kufungua waraka. "Kufuta" nako hakufai, maana hakuna kilichofutwa kwenye diski. Panapendekezwa "kubatilisha", kwa kuwa kipengee hubatilika kwa mtu mmoja kikabaki halali kwa wengine.

3.3 Kusanidua

Kitendo hiki huondoa programu yenyewe kwa watumiaji wote. Kitenzi kimeundwa kutokana na "sanidi" kwa kiambishi tenduzi -u-, kama ilivyo katika funga/fungua. Kufuta faili la .desktop katika saraka ya mfumo si kusanidua: programu hubaki, na kipengee huweza kurejea programu inapohuishwa.

4.0 Hitimisho

Mjadala huu unadhihirisha kwamba istilahi haina budi kujengwa juu ya matokeo ya kitendo, wala si juu ya umbo la neno la lugha chasili. Pale ambapo kompyuta moja hutumiwa na wengi, kuchanganya vitenzi hivi kunaweza kumnyima mwingine nyenzo yake ya kazi.