Kutoka Kooni Hadi Midomoni

Shuleni Lubudi, mji wa reli na saruji katika jimbo la Lualaba, kitabu kikizidi kimoja huwa bitabu. Mwarabu angeshangaa. Kwake wingi ni kutub: irabu hubadilika, lakini k, t na b hazitoki mahali pake, kwa sababu ndizo mzizi. Sisi tumeisikia ki- ya kiti, tukaitendea k ya kitabu vivyo hivyo.

Aliyeipekua mizizi hiyo kwa utaratibu ni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa ukoo wa Azd wa Oman, aliyefundisha Basra karne ya 8. Alifungua kinywa kwa a, kisha akafuatisha konsonanti moja moja: ab, at, agh, akisikiliza sauti inakatikia wapi. Aliona ain ndiyo ya kuanzia, ndani kabisa kooni, ndipo kamusi yake ikaitwa Kitab al-Ayn. Herufi alizipanga kutoka kooni hadi midomoni. Konsonanti 3 hupangika kwa njia 6, naye akazikusanya zote 6 mahali pamoja, akibainisha zipi zinatumika na zipi zimeachwa. Herufi 28 zikichukuliwa tatu tatu bila kurudiwa hutoa mipangilio 19,656. Kazi ya kustaajabisha, na hakuwa na chombo ila sikio!

Kwa mpango huo, hata neno letu shaba lina mahali pake. Hutokana na shabah, aloi ya shaba na zinki iliyoitwa hivyo kwa kufanana na dhahabu. Mzizi ni sh-b-h, mama wa shabihi na tashbihi. Katika kamusi ya Al-Khalil utautafuta kwenye mlango wa h, ambayo kati ya herufi zake tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na koo. Wafanyabiashara wa pwani waliifuata shaba yenyewe, pamoja na pembe na watumwa, hadi Bunkeya kwa mfalme M'siri, katika eneo hili hili la Lubudi, kabla hajauawa mwaka 1891. Baadaye migodi na reli zikakieneza Kiswahili. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo la wakati huo, lililojumuisha Lubudi, liliitwa Shaba.

Sibawayhi, Mwajemi aliyekuwa mwanafunzi wa Al-Khalil, alihesabu mahali 16 pa kutamkia. Katika orodha yake, z na dh ni majirani: kwa z, ncha ya ulimi hukaribia nyuma ya meno ya mbele; kwa dh, hufika ukingoni mwake. Kwa hiyo mtu wa Lubudi akisema zambi mahali pa dhambi, ulimi wake umerudi nyuma hatua moja tu. Kuuita uvivu ni kumwonea.

Walimu wa Lubudi, kabla ya kuchukua kalamu nyekundu, mwacheni mtoto atamke polepole, darasa liseme ulimi umegusa wapi.